Damu kuganda kichwani mwa mtoto: tuanze na wiki mbili zilizopita, ukoo baadaye

Mtoto akishapimwa na kuonekana ana bonge la damu kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo, swali la kwanza tunaloulizwa hapa Moshi huwa lilelile: "Daktari, hii imetoka upande gani?" Baba anamtazama mama, bibi anamtazama mkamwana wake. Swali si la kipuuzi, kwani zipo familia zinazorithishana damu inayoganda upesi. Lakini mara nyingi majibu ya kumsaidia mtoto yamo katika yale yaliyompata siku chache kabla hajaugua.

Ugonjwa wenyewe ni nadra. Takwimu za Canada zilizochapishwa mwaka 2001 zilionyesha chini ya mtoto 1 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, na 43% ya waliougua walikuwa wachanga. Karibu wote walikutwa na angalau jambo moja linalochochea damu kuganda, na wengi walikuwa na zaidi ya moja. Mshipa ukiziba, hali huwa kama mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ulioziba kule chini: maji yanarudi juu na kufurika shambani. Damu inakosa pa kutokea, shinikizo linapanda, ubongo unavimba na wakati mwingine damu inavuja.

Nianze na sikio, maana ndilo tunalolidharau zaidi. Mfupa ulio nyuma ya sikio umepakana na mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani, na kinachovitenganisha ni ukuta mwembamba tu. Usaha ukikaa humo bila kutibiwa, maambukizi hupenya hadi kwenye mshipa na damu inaganda papo hapo. Mtoto anayetoa usaha sikioni hapaswi kudondoshewa mafuta ya kupikia na kupelekwa shule kana kwamba ni mafua. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi ya sainasi (matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso) na homa ya uti wa mgongo nayo yanaweza kufika huko.

Linalofuata ni kukaukiwa maji. Mchanga asiyenyonya vizuri na mtoto anayeharisha na kutapika wote damu yao huwa nzito. Ongeza hapo upungufu wa madini chuma. Katika nyumba nyingi za Kilimanjaro na Arusha mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushindia maziwa ya ng'ombe, tumbo linajaa, na nyama, maini, dagaa au maharage hayapati nafasi. Anaonekana mnene, kumbe damu imepungua. Mtoto wa namna hiyo akiharisha siku tatu, mambo mawili yamekutana.

Wapo pia wenye magonjwa tunayoyafahamu: selimundu (sikoseli), ugonjwa wa figo unaopitisha protini kwenye mkojo (protini zinazozuia damu kuganda hupotea humohumo), na saratani ya damu inayotibiwa kwa dawa za asparaginasi pamoja na steroidi. Wazazi wa watoto hawa wasisubiri foleni ya kawaida kichwa kikianza kuuma.

Sasa urithi. Kasoro ya Faktori V Leiden, ya kurithi na inayofanya damu igande upesi, iliyoelezwa mwaka 1994 na kupewa jina la mji wa Uholanzi, ni ya kawaida Ulaya lakini ni adimu sana kwa Waafrika. Upungufu wa protini C, protini S au antithrombini, zote za kuzuia damu isigande ovyo, unaweza kuwepo kwetu, ila kipimo kikichukuliwa mtoto akiwa mahututi, au akiwa anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), majibu hupotosha. Kwa maoni yangu, familia isiuze mbuzi kulipia vipimo hivyo wiki ya kwanza. Fedha iende kwenye picha ya kichwa, CT au MRI ya mishipa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua tiba.

Dalili hujificha. Mtoto mkubwa huumwa kichwa kinachozidi siku hadi siku, hutapika, huona vitu viwiliviwili, husinzia mno. Mchanga hupata degedege au utosi hutuna. Kipimo cha malaria kikionyesha hana, na degedege linaendelea, msimfukize, ombeni rufaa.

Tiba kubwa ni heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, kisha dawa nyingine ya kazi hiyohiyo kwa miezi 3 hadi 6. Haiyeyushi bonge, inalizuia lisikue wakati mwili unalimaliza wenyewe. Katika kipindi hicho mtoto asipewe aspirini wala dawa ya miti shamba bila daktari kujua.

Vipimo vya urithi tunavirudia baadaye, dawa zikishasimamishwa. Na faili litunzwe hata mtoto akipona kabisa: kama ni binti, siku atakapotaka vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, homoni inayochochea damu kuganda, mtoa huduma lazima ajue kwamba damu yake iliwahi kuganda kichwani.