Je, wajua kwa nini Wamisri wa kale hawakuandika 3/5?

Mikate 6 igawanywe kwa watu 10. Mwanafunzi wa leo atajibu haraka: kila mtu apate 3/5. Karani wa Misri ya kale aliandika 1/2 + 1/10, na hesabu hiyohiyo ya mikate imo katika gombo la mafunjo alilonakili karani Ahmose yapata mwaka 1550 KK. Gombo hilo lilinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na sasa limehifadhiwa British Museum, London.

Sababu inaanzia kwenye maandishi yenyewe. Kuandika sehemu, walichora alama ya mdomo juu ya tarakimu: mdomo juu ya 10 ni 1/10. Asili (namba ya chini) iliandikwa, kiasi (namba ya juu) hakikuwa na mahali pake, kwa kuwa kilikuwa 1 daima. Nusu ilikuwa na alama yake, na 2/3 pia, hiyo ikiwa ndiyo sehemu kuu iliyoruka kanuni. Nyingine karibu zote zilijengwa kwa kujumlisha, bila kurudia sehemu ileile: 2/5 haikuwa 1/5 + 1/5, bali 1/3 + 1/15.

Utasema walijisumbua bure. Mimi sikubali. Irudie ile mikate: kata mitano nusu kwa nusu, wa sita ukate vipande kumi. Kila mtu anaondoka na vipande vinavyofanana na vya mwenzake, wala hakuna wa kulalamika. Na kati ya 3/5 na 5/8, ipi kubwa? Kwa macho tu ni vigumu kusema. Ziandike 1/2 + 1/10 na 1/2 + 1/8, jibu linaonekana papo hapo.

Ugumu ulikuwa kwenye kuzidisha, maana walizidisha kwa kuongeza maradufu. Maradufu ya 1/8 ni 1/4, kazi imekwisha. Lakini maradufu ya 1/7? Ndiyo maana gombo la Ahmose linafungua na jedwali la 2 kugawanywa kwa namba witiri hadi 101: 2/7 ni 1/4 + 1/28, na ya mwisho, 2/101, ni 1/101 + 1/202 + 1/303 + 1/606. Karani hakuhitaji kukokotoa upya, alitazama jedwali.

Sehemu hizi bado zinawashughulisha wanahisabati. Mwaka 1948 Paul Erdős na Ernst Straus walidai kwamba 4 ikigawanywa kwa namba nzima yoyote kuanzia 2, jibu linaweza kuandikwa kwa kujumlisha sehemu tatu zenye kiasi 1. Hadi leo hakuna aliyethibitisha dai hilo, wala aliyelipinga kwa mfano.