Taa za nyumbani kwa mwenye uoni hafifu: mwanga uangukie kazi, usiingie jichoni

Mtu anapoanza kupungukiwa na uwezo wa kuona, familia, kwa nia njema kabisa, hukimbilia kubadilisha globu ya darini na kuweka yenye nguvu zaidi. Chumba hung'aa, lakini mwenyewe huendelea kusema kwamba haoni, na sasa macho yanamuuma. Aaminiwe. Mwenye mtoto wa jicho, kwa mfano, ana lenzi yenye ukungu ambayo huutawanya mwanga ndani ya jicho, na mwanga huo uliotawanyika hufifisha tofauti kati ya herufi na karatasi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza taa ina nguvu kiasi gani, tuulize imewekwa wapi. Mtazame mzee anayejaribu kusoma maandishi ya pakiti ya dawa huku ameipa mgongo taa ya dari: kivuli cha kichwa chake kimeangukia maandishi yale yale anayoyatafuta. Huyu anahitaji taa ya mezani yenye shingo inayopinda na kifuniko kisichopitisha mwanga, iwekwe upande wa jicho linaloona vizuri zaidi, chini ya usawa wa macho, ili globu yenyewe isionekane. Akiandika, ihamie upande usio wa mkono unaoshika kalamu. Taa ndogo ikisogezwa kutoka sentimita 60 hadi 30, mwanga unaofika kwenye ukurasa huongezeka takriban mara 4, bila kununua globu nyingine. Kwa kuwa itakuwa karibu na mikono, iwe ya LED, kwani globu za zamani za waya huunguza.

Dukani, angalia lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotolewa na globu, badala ya wati, ambazo hupima umeme inaotumia: lumeni 800 ni takriban mwanga wa globu ya zamani ya wati 60. Kuhusu rangi, wapo wanaotulia kwenye mwanga wa manjano wa kelvini 2,700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na wapo wanaosoma vyema kwenye mweupe wa 4,000. Naomba sana mgonjwa asichaguliwe rangi na wengine. Ajaribu mwenyewe akiwa na gazeti mkononi.

Meza ya kioo itandikwe kitambaa kisichong'aa, na kiti kigeuzwe ili dirisha liwe ubavuni. Korido isiachwe gizani pembeni ya sebule yenye mwanga mkali, kwa sababu jicho lenye ugonjwa huchelewa kuzoea badiliko hilo, na mtu huweza kukosea hatua. Penye ngazi, swichi ziwe juu na chini, na ukingo wa kila kidato ubandikwe utepe wa rangi inayotofautiana na sakafu.