Yale makopo ya bati ndani ya redio si ya kukazwa

Redio nyingi za zamani zinazofika mezani kwangu hapa Kibuye, Kisumu, nikizifungua nakuta mtu keshanitangulia. Vichwa vya rangi juu ya vile vikopo vya bati vimemeguka. Kaambiwa ukikaza hizo skrubu, sauti inapanda.

Si skrubu. Vikopo hivyo ni transfoma ndogo, na hivyo vichwa ni viini vya feraiti (kauri yenye sifa za sumaku). Kiini kikizama au kutoka ndani ya koili (waya uliozungushwa), masafa yake, yaani kasi ya mtikisiko wa mawimbi, yanahama, na redio nyingi za AM zinataka vikopo hivyo vikae karibu na kilohezi 455. Vikihama, stesheni inafifia. Hata bisibisi ya chuma inadanganya: ukiiondoa tu, masafa yanahama tena. Natumia ya plastiki.

Wengine husema transfoma ni ya kupandisha au kushusha volti, basi. Ile ya stima, sawa. Hii ya kikopo kazi yake kubwa ni kuchuja masafa. Katika redio za valvu, kopo moja huwa na koili mbili, kila moja na kapasita yake (kifaa cha kuhifadhi chaji), zimelinganishwa masafa. Hazijaunganishwa kwa waya. Moja huitikisa nyingine kwa uga wa sumaku. Jaribu nyumbani: funga kamba legelege kwenye misumari miwili, ning'iniza kufuli mbili zinazofanana kwa nyuzi za urefu mmoja, kisha sukuma moja. Polepole itatulia, na mwenzake ndiye atakayebembea. Halafu zinarudishiana. Ukifupisha uzi mmoja, mpokezano unavurugika.

Basi koili zikisogezwa karibu kabisa, si mawimbi yatapita zaidi? Hapo hata mafundi hukosea. Zikiwa mbali mno, kinachopita ni kidogo. Zikikaribiana, nguvu inafika kilele. Ukizidisha, kilele hicho kinagawanyika kuwa viwili, kila kimoja kwenye masafa yake, na katikati panabonyea. Koili zenye kipimo cha ubora (ukali wa kuchagua masafa) cha 50 hufikia ukomo huo uga wa moja ukiishika nyingine kwa asilimia 2 tu. Na vilele viwili si lazima viwe ubovu: wapo waliovitengeneza makusudi ili sauti nyembamba za muziki zisikatwe.

Redio ndogo za transista ni hadithi nyingine. Mara nyingi koili moja tu ndiyo yenye kapasita. Kiini chekundu kwa kawaida ni cha osileta, sehemu inayozalisha mawimbi ndani ya redio yenyewe. Ukikigusa, stesheni zinahama kwenye namba. Juzi nimeletewa redio ya namna hiyo. Mwenyewe alitumia kisu cha jikoni.