Tiba kwa Kutumia Farasi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Mtoto hupandishwa farasi ili achangamke tu.
Kuchangamka kupo, lakini kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kazi kubwa hufanywa na mgongo wa farasi. Mnyama huyo anapotembea polepole, takriban hatua 100 kwa dakika, kila hatua huisukuma nyonga ya aliyempanda mbele na nyuma, juu na chini, kulia na kushoto, kwa mpangilio unaokaribia sana ule wa mtu anayetembea kwa miguu yake. Hivyo mtoto ambaye hajawahi kutembea huupata mwendo huo akiwa ameketi, huku misuli ya tumbo na mgongo ikilazimika kujirekebisha kila mara ili asiyumbe. Mara nyingi hukalishwa juu ya blanketi nene badala ya tandiko gumu. Mmoja hushika kamba, wasaidizi hutembea ubavuni, na mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayeamua farasi asimame au azunguke lini.

Dhana: Aliyepooza hamwezi farasi.
Lis Hartel wa Denmark aliugua polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, na miguu yake ikabaki imepooza kuanzia magotini kwenda chini. Katika Olimpiki ya Helsinki ya 1952, akishindana na wanaume, alitwaa medali ya fedha kwa ustadi wa kumwongoza farasi, ingawa kupanda na kushuka alihitaji kusaidiwa; mwaka 1956 akaipata tena. Miguu, hata hivyo, haikupona, na anayeahidi uponyaji wa namna hiyo hasemi kweli.

Dhana: Kwa maradhi ya akili, farasi hutosha badala ya daktari.
Hatoshi. Tena katika vikao vingi vya aina hii hakuna kupanda kabisa: mtu humsugua farasi kwa brashi au humwongoza kwa kamba. Kwa kuwa kwa asili ni mnyama anayewindwa, farasi huwa mwepesi kusoma mwili wa aliye karibu naye; ukimwendea kwa pupa, mabega yamekaza, atalaza masikio na kurudi nyuma, na hapo mshauri nasaha hupata la kuzungumza nawe. Kwa askari wenye kiwewe cha vita, tafiti nyingi zimehusisha watu wachache, kwa hiyo dawa na ushauri nasaha haviachwi.

Dhana: Haina madhara kwa yeyote.
Mwenye ugonjwa wa Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili) ambaye pingili za juu za shingo zimelegea hapandishwi, wala mwenye kifafa kisichodhibitiwa.