Mtoto mwenye usonji na sala ya jamaa: tuanze na adhuhuri

Katika kazi yangu ya kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu hapa Lamu, wazazi huniuliza mara kwa mara kama wawapeleke wana wao msikitini au wawaache nyumbani mpaka watulie. Huwajibu kwamba mtoto mwenye usonji hatulizwi kwa kufungiwa nyumbani. Hutulia kwa kuzoea, na kuzoea kuna ngazi zake.

Masikio ya wengi wao hayachuji sauti kama yetu. Msikiti ambao kwa mtu mzima ni mahali pa utulivu, kwa mtoto huyu ni maji ya birika la kutawadhia yanayomshtua, kipaza sauti kinachonguruma juu ya kichwa chake, mabega ya watu asiowajua yakimgusa kulia na kushoto, na kisha, Fatiha inapokwisha, "amin" ya msikiti mzima, ambayo sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii huitamka kwa sauti. Hapo ndipo huziba masikio, hupiga kelele au hukimbia, na jirani wa safu hudhani kwamba hakufunzwa adabu.

Ndiyo maana nashauri waanze na adhuhuri au alasiri, ambazo imamu huzisoma kwa siri, yaani bila kupaza sauti, kwa hiyo hakuna amin ya kushtua. Baba na mwanawe wasimame mwishoni mwa safu, karibu na mlango, wala mtoto asipelekwe nyuma kwenye safu ya watoto wenzake, ambako ndiko kwenye kusukumana. Mjomba au kaka akae tayari kumtoa nje, ili baba asilazimike kuikata sala yake. Magharibi ifuate baada ya wiki kadhaa, na Ijumaa iwe ya mwisho kabisa.

Kuhusu Ijumaa huenda nikawaudhi baadhi ya wazazi. Wakati wa khutba waumini wametakiwa wanyamaze kiasi kwamba hata kumwambia mwenzako "nyamaza" ni kosa, na mzee mwenye masikio mazito aliyejikongoja kuja kusikiliza ana haki yake pia. Mtoto ambaye bado hawezi kuustahimili muda huo na akae nje barazani na mtu anayemjua. Lakini katika sala za kila siku sikubaliani na wanaomkunjia uso mzazi kwa sababu ya kilio kimoja, kwani Mtume mwenyewe, aliposikia kilio cha mtoto akiwa katika sala, aliifupisha kwa kumhurumia mama yake. Na maimamu wa misikiti midogo ya mitaani wangeweza kuzima kipaza sauti cha ndani bila mtu yeyote kukosa kusikia.

Mwanafunzi wangu mmoja hustarehe kando ya matari ya Maulidi, ilhali amin humtoa mbio. Nadhani sababu ni kwamba mdundo wa tari unarudiarudia, naye hujua pigo lijalo. Basi tulimfundisha kwamba "waladhaalin", neno la mwisho la Fatiha, ndiyo ishara: baba alisoma Fatiha nyumbani kila jioni, naye akaitika amin mwenyewe, kwa kuwa sauti uitoayo haikushtui kama ya wengine. Sasa anahudhuria magharibi, ila huitika kabla imamu hajamaliza aya, na mzee mmoja wa safu ya mbele amenilalamikia. Nimemwomba atuvumilie mpaka Ramadhani.