Kosa la mwendelezo katika katuni za mashujaa ni nini?

Kosa la mwendelezo hutokea pale hadithi inapojipinga yenyewe bila walioitengeneza kukusudia. Shujaa anaingia chumbani na joho la bluu, picha ikirudi kwake joho limekuwa jeusi. Ameumia mkono wa kushoto, dakika mbili baadaye bandeji iko mkono wa kulia. Au alizikwa wiki tatu zilizopita, leo yuko mezani anakunywa kahawa na hakuna hata mmoja anayeshtuka.

Kosa la ukweli ni jambo jingine, ingawa watazamaji wengi huyachanganya. Hapo hadithi haigombani na nafsi yake, inagombana na dunia tunayoijua: mto umewekwa nchi usikopita, au mnyama wa bara moja anatembea bara jingine. Superman kuruka angani si kosa la ukweli. Hadithi ilishatuambia tangu mwanzo kwamba huyu mtu huruka, nasi tukakubali. Lakini akiruka kutoka Paris na kutua London bila kuvuka maji, hapo kuna mtu hakutazama ramani.

Kwa nini katuni za mashujaa huwa na makosa mengi hivi? Watu hukimbilia kusema wachoraji walikuwa wazembe. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, na ukiangalia kazi yenyewe ilivyofanyika nadhani nawe utasita.

Mwigizaji akivaa shati jekundu, shati litabaki jekundu mpaka alivue. Kwenye katuni hakuna shati. Kuna rangi inayopakwa upya kila mchoro. Sekunde moja ya filamu ina fremu, yaani picha moja moja, 24, na hata mchoro mmoja ukitumika kwa fremu mbili, bado ni michoro 12 kwa sekunde. Kipindi cha dakika 22 kingehitaji michoro 15,840 kwa hesabu hiyo. Studio za televisheni hazikuwa na fedha wala muda wa kiasi hicho, kwa hiyo zilipunguza kazi: mwili unabaki umesimama, mdomo tu ndio unaochezeshwa.

Na hapo ndipo makosa mengi yalipoingilia. Kabla ya kompyuta kuchukua kazi, mwili ulichorwa kwenye kipande kimoja cha plastiki angavu, mdomo kwenye kingine, mkono kwenye kingine. Vipande vikapangwa kimoja juu ya kingine, mandhari chini, kisha vikapigwa picha. Mpakaji alipaka rangi upande wa nyuma akifuata namba za rangi alizopewa. Akiruka namba moja, alama ya kifuani kwa Batman inatoweka kwa nusu sekunde kisha inarudi. Vipande vikipangwa vibaya, mkono uliopaswa kuwa juu ya meza unapita nyuma yake. Ukichukuliwa mdomo wa mhusika mwingine, sauti ya Batman inatoka midomoni mwa Robin, msaidizi wake.

Super Friends, mfululizo wa studio ya Hanna-Barbera kuhusu timu ya Superman, Batman na wenzao, ulioanza kwenye televisheni ya ABC ya Marekani mwaka 1973, umebaki na sifa ya makosa ya namna hii. Haishangazi. Fremu moja ilibeba mashujaa watano au sita, kila mmoja na joho lake, mkanda wake na nembo yake. Kila nembo ni nafasi nyingine ya kusahau.

Mfano ninaouona wazi kuliko yote ni X-Men, mfululizo kuhusu timu ya mashujaa waliozaliwa na nguvu za ajabu, ule wa Fox Kids, vipindi vya watoto vya televisheni ya Fox, ulioanza Oktoba 1992. Michoro ilifanyiwa Korea Kusini, kwenye studio ya AKOM. Sehemu ya kwanza ilipofika Marekani ilikuwa na mamia ya makosa ya uchoraji, na ilifika kwa kuchelewa. Tarehe ya kurusha, iliyokuwa imeshasogezwa mbele, haikungoja tena. Ikaonyeshwa hivyo hivyo, na marekebisho yakafanywa baadaye. Kwa hiyo watoto wa 1992 hawakuona kabisa kitu kile kile kinachoonekana leo, na mabishano mengi ya "mimi nililiona kosa lile" na "halipo" yanaanzia hapo.

Mfululizo huo huo unaonyesha kosa la aina nyingine, ambalo mchoraji hahusiki nalo hata kidogo: mpangilio wa kurusha. Mwaka 1994 Jean Grey, mmoja wa mashujaa wa timu hiyo, alijitoa mhanga na kuingia ndani ya jua. Iliandikwa sehemu ya kufuatia, "No Mutant Is an Island", ambamo mpenzi wake Cyclops, akiwa na majonzi, anaiacha timu na kurudi kwenye kituo cha yatima alikokulia. Michoro ikawa na kasoro, ikarudishwa kutengenezwa. Mfululizo ukaendelea bila sehemu hiyo, Jean akarudi, hadithi zake nyingine zikapita. Ndipo mwaka 1996 sehemu ile ikarushwa. Cyclops akaonekana anaomboleza mtu ambaye watazamaji walikuwa wakimwona hai kwa muda mrefu. Mwandishi alikuwa ameandika sawasawa, na mwendelezo ukavunjika mezani kwa wapanga ratiba.

Sasa, si kila kinachobadilika ni kosa. Morph, mhusika wa X-Men, aliuawa mwanzoni kabisa mwa msimu wa kwanza, na alikusudiwa afe kweli. Watazamaji wakampenda, watengenezaji wakabadili nia, na msimu wa pili ukamrudisha ukieleza kwamba Mister Sinister, adui wa X-Men, ndiye aliyemwokoa kwa hila zake. Huko ni kuiandika upya historia ya nyuma. Unaweza kuona ni hila ya bei rahisi, lakini hadithi ilikumbuka kifo chake na ikajieleza. Vivyo hivyo Joker, adui wa Batman: kwenye katuni ya Batman ya 1992 macho yake yana weupe, kwenye ile ya 1997 yamekuwa meusi yenye kitone cheupe. Wahusika wengi walichorwa upya mwaka huo kwa makusudi. Hata Spider-Man wa 1967, ambaye mistari ya utando ilichorwa kwenye barakoa, glavu na viatu ikaachwa sehemu kubwa ya vazi, hakukosewa. Mistari michache ilimaanisha gharama ndogo, na vazi lilibaki hivyo daima.

Ila utando wake ni hesabu nyingine. Anauelekeza juu, juu ya paa la jengo refu kuliko yote, unanata, anabembea. Umenata kwenye nini? Mfululizo wenyewe umetufundisha kwamba utando ule hunata kwenye kitu, kwa hiyo hapa umevunja sheria yake. Picha za kubembea zilirudiwa tena na tena juu ya mandhari tofauti ili kuokoa fedha, na jengo la kushikia halikuwepo kila mara.

Makosa ya ukweli, kwa maoni yangu, ndiyo yenye udhuru mdogo zaidi, kwa sababu hayatokani na rangi iliyosahaulika usiku wa manane. Katika sehemu ya X-Men iitwayo "Whatever It Takes", shujaa Storm, ambaye kwenye vitabu vya Marvel, wachapishaji wa X-Men, mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya, anarudi Afrika kumwokoa kijana anayempenda kama mwanawe. Kijana anaitwa Mjnari. Jaribu kulitamka. Msemaji yeyote wa Kiswahili angewaambia kwa dakika moja kwamba jina halikai hivyo, na wasemaji wa Kiswahili Marekani ya 1993 walikuwepo wa kuulizwa.

Kwa hiyo ukiona jambo halikai sawa, tazama kwanza limedumu kwa muda gani. Likiwa la nusu sekunde, ni la rangi au vipande. Likiwa la kipindi kizima, linganisha namba ya utengenezaji, inayoonyesha kipindi kilitengenezwa cha ngapi, na tarehe ya kurushwa; mara nyingi hazifuatani. Likiwa la misimu miwili na kuendelea, ngoja kidogo kabla ya kuliita kosa, huenda maelezo yapo njiani.