Kiwanda kimoja, majina manne

Watu wakiniuliza gari la Mercedes la Formula 1 linaundwa wapi, hungoja nitaje Ujerumani. Wapi! Linaundwa Brackley, mji mdogo wa Northamptonshire, Uingereza, na injini hutoka Brixworth, jimbo lilelile. Mimi ni fundi wa kaboni, kitambaa cha nyuzi nyepesi na imara kinachoundiwa vipande vya magari haya. Jina la getini halinishughulishi sana. Nataka kujua friza ziko ngapi na tanuri lina upana gani.

Asili ya timu hiyo ni yadi ya mbao. Ken Tyrrell aliuza mbao huko Ockham, Surrey, na magari yake yaliundwa bandani, humohumo yadini. Dereva Jackie Stewart akatwaa nayo ubingwa wa 1971 na 1973. Mwaka 1976 likatoka hata gari la magurudumu sita, manne madogo mbele, likashinda Sweden. Baadaye pesa za kampuni ya sigara zikainunua timu, na mwaka 1999 ikaingia mashindanoni kwa jina la BAR (British American Racing), na makao mapya Brackley. Honda wakaichukua yote, wakajitoa Desemba 2008. Ross Brawn, mkuu wa timu hiyo, akainunua kwa pauni 1 na kuipa jina lake. Chesisi, yaani kiunzi cha gari, ilishachorwa kwa injini ya Honda, wakapachika ya Mercedes kwa kukatakata nyuma, na dereva Jenson Button akashinda mbio 6 kati ya 7 za mwanzo. Mwaka 2010 Mercedes wakaweka bango lao.

Mabango yote hayo, kazi ya mezani ni ileile. Kitambaa cha kaboni huja kimeshalowa resini, gundi inayokigandisha, nacho hulala kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Kikikaa nje resini huanza kukomaa yenyewe, kwa hiyo kila robota lina kadi ya kuhesabia saa zake za joto. Mashine hukata vipande. Kuvilaza ndani ya kalibu ni kazi ya mikono, tabaka juu ya tabaka, kila moja na mwelekeo wake wa nyuzi za kaboni kama mchoro unavyotaka. Ukikosea mwelekeo, kipande kitapendeza macho na kitavunjika njiani. Kisha kalibu hufungwa kwenye mfuko, hewa inanyonywa, na vyote vinaingia tanuri la shinikizo, linalopika na kukandamiza kwa pamoja.

Kila tabaka huja limefunikwa ngozi ya plastiki. Nikiwa bado mwanagenzi, kwenye karakana moja ya vipuri, nilisahau kipande cha ngozi hiyo, ukubwa wa ukucha, kati ya tabaka la nne na la tano. Kwa macho hakuna aliyekiona. Kipimo cha mawimbi ya sauti kikakiona, na kazi ya siku mbili ikaenda jalalani.

Siku hizi kila ngozi ninayobandua naibandika ukutani mbele yangu. Mfuko haufungwi mpaka mtu mwingine azihesabu.